Nywele Juu ya Kovu la Lubondja

Baraka, mtaa wa Mwemezi,
Fizi, Kivu ya Kusini.
Tarehe 9 mwezi wa pili, 2014

Mpendwa yaya Adolphine, dada yangu mkubwa,

Kabla sijagusa habari yoyote, nakusalimu wewe, shemeji Eugène na watoto wote hapo kambini Nyarugusu. Mnaamkaje? Mgongo wako unaendeleaje na kuteka maji? Tulisikia kwamba upepo wa mwezi wa kumi na mbili uling'oa maturubai ya majirani zenu. Natumaini paa lenu lilisimama.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Wifi yako Clarisse anapika karibu yangu, ndiyo maana karatasi hii itakufikia ikinuka moshi. Mama mudogo Florentine bado anakwenda misa kwa miguu yake mwenyewe, na bado anagombana na kila anayetaka kumshika mkono njiani. Ndakala, dagaa wetu wa ziwani, mwaka huu ni nyingi kuliko mwaka jana. Tunakula na tunauza.

Barua yako nilipewa na Useni, rafiki yangu mwenye boti, aliporudi kutoka Kigoma na mzigo wa sabuni. Niliisoma nimesimama palepale ufukoni. Nilipofika nyumbani nikaisoma tena, na Clarisse akaniuliza mbona uso umebadilika. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tungefika kwenye "halo, unanisikia?" na yunite zingekuwa zimeisha, na jambo hili linataka nafasi.

Umeandika kwamba umesikia nimeuza sehemu yangu ya boti ili nipandwe nywele kichwani, wakati watu wanakimbia vita, wanashuka kutoka upande wa Minembwe na vitanda vyao kichwani. Umesikia kweli. Umeandika pia kwamba kovu lile Mungu aliliacha ili nisisahau alikonitoa, na ukaniuliza kwa nini nimelipa lifichwe. Swali hilo ni la haki, na wewe ndiye mwenye haki ya kuliuliza. Nitakujibu bila kuzunguka.

Siku ile ya Lubondja unaijua kuliko mimi. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa, na wewe tayari ulikuwa msichana wa kuposwa. Ninachokumbuka ni majani ya paa yakilia, halafu kitu kizito kikaniangukia kichwani, halafu mkono wako. Ulinivuta kwa mguu mpaka ndani ya mihogo, ukanizima moto kwa udongo na kwa kitenge chako. Waliochoma nyumba hatukuona nyuso zao. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia kwamba ulinibeba mgongoni mpaka ziwani na ulikataa kupokelewa njia yote. Hayo hayajafutika kichwani mwangu, na hakuna daktari anayeweza kuyafuta.

Lakini wewe ulivuka maji mwaka uleule, na mimi nikabaki. Kwa hiyo kuna jambo hujaliona. Hujaona kovu lile lilivyonifanya mtu wa kushukiwa katika nchi yangu.

Unajua kazi yangu. Nanunua ndakala hapa Baraka, napeleka Fizi na Lubondja kwa pikipiki, narudi na maharage na unga wa muhogo. Katika njia hiyo kuna bariyeri, vizuizi vya wenye bunduki. Kila bariyeri wanasema toa kofia. Nikitoa, wanaona ngozi inayong'aa kutoka juu ya jicho la kulia mpaka nyuma ya sikio, upana wa kiganja, bila unywele hata mmoja. Basoda, askari wa serikali, wanasema mimi ni wa msituni, kwamba pale ndipo nilipochanjwa dawa ya kuzuia risasi. Siku nikikutana na wale wa msituni, wao wanasema mimi ni musoda mutoro niliyeungua katika mapigano. Yaya, mtu mmoja hawezi kukimbia pande zote mbili.

Miaka mingi nilijitetea kwa maneno na kwa ndakala. Ndakala za kupitishia niliziita zaka. Lakini mwanzo wa 2012 kulipiganwa karibu na Fizi, na mioyo ya watu ikawa mibaya. Nikafika kwenye bariyeri ya musoda nisiyemjua, mgeni wa kutoka mbali.

Akaniambia, "Hii alama ulipata wapi?"

"Ni moto ya nyumba, chef. Tangu utoto."

"Bote munasemaka moto ya nyumba," akajibu, akamwita mwenzake.

Walinipiga, wakanitia kasho, chumba chao cha kufungia watu, na pikipiki wakabaki nayo. Ndani tulikuwa wengi. Mtu mmoja aliyekuwa na kovu la kisu shavuni walimtoa asubuhi, na hatukujua alipelekwa wapi. Mkewe anamtafuta mpaka leo. Mimi niliokolewa na Useni, aliyekuja na chifu wa kijiji na padri, wakasimama mlangoni mpaka nikatolewa. Nilirudi nyumbani mbavu zikiniuma. Clarisse alinikanda kwa maji ya moto. Alipomaliza, aliniambia kwamba kovu hili litamfanya mjane, na kwamba yeye hakuolewa ili awe mjane.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani majuma mengi. Nilipeleka samaki kwa mikono ya watu wengine, na faida ikaishia katika mikono hiyo. Wifi yako akalima peke yake. Hilo lilinichoma kuliko kasho.

Habari ya kupanda nywele aliileta Useni. Alikuwa ametoka Bujumbura, akaona ukutani picha ya mtu mwenye upara na picha ya mtu huyohuyo mwenye nywele. Alinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama nywele hizo ni za kubandika. Maana nywele za kubandika nilishazifikiria nikaziacha: siku musoda akikuvuta nywele zikabaki mkononi mwake, utaeleza nini? Useni akasema hapana, aliambiwa zinachukuliwa za mtu mwenyewe nyuma ya kichwa, zinapandikizwa mbele, zinakua na kunyolewa kama nyingine zote.

Hapo ndipo nilipomwomba anunue sehemu yangu ya boti. Alibisha kwanza. Halafu alikubali kwa bei ya soko, akaongeza kwamba siku nitakapoitaka tena sitalazimika kubembeleza. Huyo ndiye Useni, Mwislamu wa hapa ziwani ambaye mama mudogo Florentine humwombea katika rozari yake bila yeye kujua.

Tukaenda Bujumbura, mimi na Clarisse. Mwenye kliniki ya zile picha aliitwa Henri. Jina la kliniki silitaji, lilishabadilishwa hata hivyo. Alitupokea kwa soda baridi na viti vyenye mito. Alisema dola mia tisa, kila kitu ndani, siku moja tu, na jioni naondoka na nywele zangu. Alisema pia kwamba nikilipa siku ileile atanipunguzia mia. Yaya, nilikuwa na pesa kiunoni na maumivu mbavuni. Moyo wangu ulishasaini.

Clarisse alikuwa akitazama picha ukutani, moja baada ya nyingine, kama anayechagua kitenge. Kisha akageuka.

"Hawa bantu bote nywele yabo ni ya kunyooka," alimwambia Henri. "Utuonyeshe mutu moja mwenye nywele kama ya bwana yangu. Na aliungula moto."

Henri akacheka kidogo. "Mama, nywele ni nywele."

"Na docteur ni nani? Tumuone."

Akajibu kwamba daktari yuko safarini, ila wasaidizi wake wanaijua kazi yote. Clarisse akaomba kuona chumba cha kazi. Henri alisita, lakini mlango ulikuwa wazi nusu, na wifi yako hangoji mlango wa wazi nusu. Ndani alikuwamo mtu mzima mwenye koti jeupe akimnyoa mteja ndevu. Kwenye meza ileile ya vichanio vya kinyozi kulikuwa na nyembe na bomba za sindano.

Clarisse alinishika mkono kama mtoto, tukatoka. Njiani nilimkasirikia sana. Nilimwambia kwamba yeye hajawahi kuvuliwa kofia na mtu mwenye bunduki. Tukavuka mpaka, tukafika Uvira. Hapo akasema neno moja tu, kwamba basoda walitaka kumuua mume wake bure, na yeye hatamlipa mtu dola mia tisa amalizie. Tulirudi Baraka nikiwa na hasira bado. Leo namshukuru Mungu kwa ulimi wake. Bila yeye ningerudi na kidonda juu ya kovu.

Yeye ndiye aliyesema twende kwanza kwa mtu anayejua majeraha ya moto. Tukapanda Bukavu, kwa mpasuaji mmoja wa hospitali, mzee mtaratibu. Alinishika kichwa muda mrefu. Alibonyeza kovu, akaliachia, akatazama damu inavyorudi. Nilimuuliza kama anaweza kunipanda nywele.

"Ngozi naijua," alisema, "lakini nywele sijapanda. Sitaki kujifunzia ku kichwa yako."

Yaya, katika safari yote ile hakuna neno lililonipa imani kama hilo. Mtu mwenye jina kubwa, mwenye wagonjwa mpaka nje ya geti, anakwambia hili silijui. Alituelekeza Nairobi, kwa daktari mwanamke aitwaye Georgette, mzaliwa wa Kalemie, ambaye amesomea kutengeneza ngozi za watu walioungua na anapanda nywele pia.

Safari hii hatukwenda kwa pupa. Useni ana dada yake, Jamila, anayeuza vitenge Nairobi. Tulimwomba aende kwenye baraza la madaktari la nchi ile aulize kama jina hilo limeandikishwa, na limeandikishwa kwa kazi gani. Akajibu kwamba lipo, na kazi iliyoandikwa ni hiyohiyo ya kupasua na kutengeneza ngozi. Tukamtuma tena, aende mpaka kwenye kliniki aone nani anashika kisu. Jamila alirudi akisema daktari mwenyewe ndiye anayekata na kupanda, na wauguzi wawili wanampa vifaa. Ndipo tukapanda basi.

Daktari Georgette ni mwanamke mfupi wa sauti ya chini. Aliposikia tunatoka Fizi, alibadilisha Kiswahili chake kikawa chetu. Hakuanza na kichwa. Alianza na bega langu la kushoto, akatazama alama ya chanjo ya utoto. Alitaka kujua kama vidonda vyangu huwa vinavimba vikipona, kwa sababu kuna watu ambao kila mkwaruzo kwao unakuwa uvimbe mgumu, na watu hao yeye huwarudisha nyumbani. Alama yangu ilikuwa bapa. Nilipumua.

Halafu akatueleza, mimi na Clarisse pamoja, mambo ambayo Henri hakuyagusa. Alisema nywele zetu zimejikunja mpaka ndani ya ngozi, kwa hiyo anayezitoa bila kujua hilo anakata mizizi chini, na mzizi uliokatwa haufufuki. Alisema nywele za nyuma ya kichwa si kisima kisichokauka: ukiziharibu, umeziharibu za maisha. Na alisema damu haifiki vizuri kwenye kovu, hivyo nywele nyingine zitakufa hata akifanya kila kitu sawasawa.

Clarisse alimuuliza zitakazokufa ni ngapi.

"Sijui," alijibu. "Ndiyo maana tutapanda kidogo kwanza, tungojee. Zikiishi, nitaendelea. Zikikufa, nitakuambia uhifadhi pesa yako."

Clarisse akanitazama. Nami nikajua kwamba tumefika.

Sasa nikwambie bei, maana najua ndiyo iliyokuumiza uliposikia. Bei ya Henri ilikuwa neno moja tu. Ya Georgette ilikuwa imekatwa vipande, na kila kipande alikieleza. Kipimo na yale majaribio ya kwanza vilikuwa dola mia mbili. Kazi kubwa alihesabu kwa mzizi, si kwa siku wala kwa kichwa, ikafika elfu moja na mia nane. Dawa za kuzuia usaha na za maumivu zililipiwa kando. Kurudi kutazamwa mwaka mzima hakukuwa na malipo, lakini alituonya kwamba basi na malazi ni juu yetu, na kwamba huenda baadaye kovu likataka nyongeza. Hakutaka pesa ya kazi kubwa kabla ya majaribio kuota. Ukijumlisha na barabara yote, ilikaribia elfu tatu. Ni nyingi, yaya, sikatai. Lakini kwa Henri ningelipa mia tisa, kisha ningelipa daktari wa kutibu alichoharibu Henri, kisha bariyeri ingebaki palepale.

Kabla hatujaondoka aliniruhusu kuonana na mgonjwa wake wa zamani, mama aliyemwagikiwa mafuta ya kukaangia tangu ujana. Mama yule alifungua kilemba akaniambia niguse. Nikagusa. Zilikuwa nywele, zimesukwa.

Basi, majaribio yakafanyika, sehemu ndogo kama sarafu juu ya sikio. Sindano za ganzi ziliuma, hilo sikufichi. Nikarudi Baraka nikangoja. Baada ya majuma machache nywele zile zikadondoka zote. Daktari alikuwa amenionya kwamba zitadondoka, mzizi ukibaki unalala, lakini kuonywa ni jambo moja na kuona mto wako una vinywele ni jambo lingine. Sokoni wakanicheka. Fundi mmoja wa baiskeli aliniuliza kama nimesahau kumwagilia. Hata mimi nilicheka, ila nyumbani sikulala vizuri.

Clarisse ndiye aliyeziona zikirudi. Alikuwa akinipaka mafuta, akasimamisha mkono, akasema, "Kuko kitu inachoma kidole yangu." Zilikuwa fupi na ngumu kama ndevu za siku mbili. Akaita majirani wote waje kugusa kwa kidole. Siku ile kichwa changu kiliguswa kuliko sanamu ya Bikira.

Mwaka jana baada ya Pasaka nilirudi Nairobi kwa kazi kubwa. Nilikaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka jua likielekea kuzama, wakinipumzisha nile. Daktari Georgette alipanda kwa mkono wake mwenyewe, akifuata njia ambayo nywele zangu nyingine zinaelekea, ili musoda asione mstari. Nilipomweleza habari za bariyeri alisimamisha kazi kidogo. Aliniambia wengi huja kwake ili waonekane, na mimi ni wa kwanza kuja ili nisionekane. Kisha akainama tena, akaendelea.

Leo hii nywele zimejaa. Si nyingi kama upande wa pili, na mtu akikaribia na kuchunguza ataona ngozi chini. Yeye alisema itakuwa hivyo, na imekuwa hivyo. Kwangu hiyo ndiyo maana ya mganga wa kweli: aliloahidi lilikuwa dogo, na lote limetimia.

Mwezi uliopita nilipakia magunia kwenye pikipiki ya kukodi, nikashika njia ya Fizi. Kwenye bariyeri ileile alikuwa musoda mwingine, mkali vilevile. Akasema nitoe kofia. Nikatoa. Nilijikuta nasali ile sala uliyonifundisha ya malaika mlinzi, sala ya watoto. Akanitazama kichwani. Macho yake yakashuka kwenye magunia.

"Humu muko nini?"

"Ni ndakala, chef."

"Ya mboga iko wapi?"

Hilo tu, yaya. Aliniomba mboga kama anavyomwomba kila mtu. Nikamjazia mikono yote miwili, na sijawahi kutoa ndakala kwa furaha namna ile. Nilipofika mbele kidogo nilisimamisha pikipiki nikakaa chini kando ya njia, nikamshukuru Mungu. Halafu nikaendelea mpaka Fizi, nikauza, nikarudi. Sasa naenda kila juma. Clarisse amerudi kuwa na mkono wa pili shambani, na wale wanaoshuka kutoka milimani wakipita kwetu, tunacho cha kuwapa. Wawili wanalala katika nyumba yetu ya nyuma ninapoandika haya, mama na mwanawe. Nisingeweza kuwalisha nikiwa nimejificha ndani.

Ndiyo jibu langu kuhusu kulipa nywele wakati wa vita. Ni vita yenyewe iliyonilipisha.

Na jibu kuhusu kovu ni hili. Daktari hakuliondoa. Liko palepale. Nikiingiza kidole katikati ya nywele nalikuta, laini, upana uleule. Clarisse analijua, na mimi nalijua, na wewe ukija utaliona ukitaka. Kilichoisha ni kwamba kila mwenye bunduki alikuwa akilisoma na kuandika juu yake uongo wake. Ulilolifanya wewe siku ile halikuwa mali yao. Nimelirudisha nyumbani.

Usiudhike kwamba nimejibu kwa urefu. Umenifundisha mwenyewe kwamba dada mkubwa hajibiwi kwa nusu neno.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalonifurahisha zaidi. Tangu nifunge ndoa na njia ile, kama anavyonitania Useni, nimepata ujasiri wa njia ndefu. Mwezi wa sita, ziwa likitulia, mimi na Clarisse tutavuka na Useni mpaka Kigoma, na kutoka hapo tutatafuta gari mpaka kwenu. Miaka kumi na sita hatujaonana, yaya. Nilipokuona mwisho nilikuwa nimelala mgongoni mwako. Safari hii nitakuja kwa miguu yangu, na mzigo nitabeba mimi. Niambie tu kama shemeji bado anapenda wale samaki wetu, mikebuka ya kukausha, au kama Tanzania imembadilisha mdomo.

Msalimie sana shemeji Eugène. Mwambie Nadège kwamba mjomba wake anataka kuona daftari zake za shule, na Junior asiuze mpira niliomtumia. Mama mudogo Florentine anakusalimu na anasema usife kabla yake, maana hana nguo nyeusi nzuri. Clarisse anakukumbatia, na anasema ukiwa na lawama yoyote juu ya safari ya Bujumbura, umwandikie yeye moja kwa moja. Useni naye anawasalimu nyote.

Mungu aliyetutoa ndani ya moto ule, wewe ukiwa mkono wake, awalinde hapo mlipo, awape mvua ya kutosha bila upepo, na atufikishe mwezi wa sita tukiwa wote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda tangu mgongoni mwako mpaka leo,

Bonaventure